Kiwashio cha Jumapili

Mpumbavu wa siku ile alikuwa Korni Giesbrecht, na yeye mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo kwenye duka la vifaa vya shamba pale mjini Winkler, ameegemea kaunta na kikombe cha kahawa ya bure, atakusimulia kabla hujamuuliza, maana anajua ukiipata kwanza kwa dada yake utaipata na chumvi. Mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyefungua na kufunga injini za matrekta tangu hajaota ndevu, akashindwa na kidude kisichozidi kidole gumba.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kwanza. Nje ni nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, na upepo unatoka magharibi kwenye mashamba matupu, haukutani na kitu cha kuuzuia mpaka ufike ukutani kwa Korni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliamshwa na ukimya. Mtu aliyezaliwa huku hulala vizuri kwa kelele za tanuri la gesi linalopasha nyumba joto: kifeni kidogo kinavuma, kimya kidogo, halafu moto unashika kwa mshindo laini kama mtu aliyekaa kwenye kochi, halafu feni kubwa inapuliza joto kwenye matundu ya sakafuni. Asubuhi ile kifeni kilivuma, kikakoma. Kikavuma tena, kikakoma.

Alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba na kurunzi, amevaa nguo za kulalia na buti za shambani. Akapiga magoti mbele ya tanuri, akachungulia kwenye kidirisha. Kifeni kikavuma. Hapo ndipo kiwashio kilipaswa kuiva, kiwe chekundu kama kaa la moto, ili gesi ikifunguliwa ikute pa kushikia. Hakikuiva. Kulikuwa giza tupu. Gesi yenyewe haikufunguliwa, na afadhali. Mara ya tatu tanuri likanuna kabisa, kitaa chake kikaanza kupepesa.

"Limekufa?" Neta, mkewe, alikuwa juu ya ngazi, koti juu ya gauni la kulalia.

"Halijakufa. Ni kiwashio tu."

"Mpigie Diedrich."

"Leo Jumapili."

"Baridi haijui kama ni Jumapili, Korni."

"Kiwashio ninacho. Kipo kwenye droo. Nitakitia mwenyewe kabla maji ya kahawa hayajachemka."

Neta alikuwa ameolewa na Korni miaka thelathini na minne, na maji ya kahawa yalishachemka mara nyingi katika miaka hiyo.

Sababu ya kutompigia Diedrich haikuwa Jumapili. Diedrich Wiebe ndiye fundi wa matanuri wa eneo lote lile, lakini pia ni mume wa Greta, na Greta ni dada mkubwa wa Korni. Na Greta ndiye aliyekwenda wiki iliyopita kwenye nyumba ya wazee pale mjini, akarudi na habari kwamba kuna chumba kimeachwa wazi, cha upande wa jua, na kwamba jibu linatakiwa Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Chumba hicho alikuwa anamtakia mama yao, Helena, mwenye miaka themanini na sita, anayeishi kwa Korni kwenye chumba cha nyuma karibu na jiko.

"Nyumba yako ni kuukuu, Korni," alikuwa amesema Greta. "Inavuja upepo, tanuri lina umri wa kuoa. Siku likizimika, Mama atakuwa wa kwanza kuganda."

Naye Korni alikuwa amepiga meza. "Siku tanuri langu likizimika na Mama akiwemo ndani, nitamfungashia mwenyewe sanduku lake."

Maneno hayo aliyasema Jumatano. Sasa ilikuwa Jumapili.

* * *

Kwanza Mama. Korni alichukua heta ndogo ya umeme, akaipeleka chumba cha nyuma. Waya wake ulikuwa mfupi, haufiki kwenye soketi. Akatoka nje mbio, akachomoa ule waya mrefu wa gari, akauingiza ndani. Alijiona mjanja sana. Hakukumbuka kwamba waya ule usiku kucha ndio unaopasha injini ya gari joto, na kwamba kwa baridi kama ile gari likikaa saa mbili bila waya linakuwa jiwe.

"Kuna nini?" Mama aliuliza kutoka chini ya mablanketi matatu. Pua yake tu ndiyo ilionekana.

"Hakuna kitu, Mama. Tanuri linapumzika."

"Limeomba ruhusa?"

Korni akacheka, akatoka. Mama yake hakucheka.

Sasa droo. Kiwashio kilikuwamo humo tangu Oktoba. Mwezi huo Diedrich alipita kusafisha tanuri, akakiangalia kile cha zamani kwa muda mrefu, akasema kimechoka, kina mstari mweupe, afadhali wakibadilishe kabla ya majira ya baridi. Alikuwa na cha aina mpya, cheusi, chembamba kama ncha ya penseli, kigumu, ambacho hakivunjiki ovyo. Korni akauliza bei. Diedrich akaitaja. Korni akasema kitu kinachoiva bado hakijaharibika. Diedrich si mtu wa kubishana. Alifunga mkoba wake, akanywa kahawa, akaenda. Usiku uleule Korni akaagiza kwa simu kiwashio kingine, cha dola kumi na nane, cha aina ileile ya zamani: kijivu, bapa, kimekunjwakunjwa kama peremende. Kilipofika alikitia kwenye droo na akajisikia tajiri.

Alizima gesi. Akazima umeme. Hayo alifanya vizuri, tumpe haki yake. Akafungua mfuniko, akatoa skrubu mbili, akachomoa kile cha zamani. Kilitoka vipande viwili.

"Njoo ule kwanza," Neta aliita. "Mayai yanapoa, na humu ndani yanapoa haraka."

Akapanda. Walikula jikoni, wamevaa makoti: mayai, mkate, na soseji ya kuvuta moshi, ile ya mafuta mengi ambayo Neta huichukua kwa binamu yake. Korni huila kwa mkono. Hata siku ya arusi yake aliila kwa mkono. Akafuta vidole kwenye suruali, akashuka tena, akafungua kisanduku, akaitupa ile karatasi iliyokunjwa ndani, akakitoa kiwashio. Kilikuwa na vumbi la sifongo kilimofungiwa. Na Korni amelelewa hivi: hakuna kitu kinachoingia kwenye mashine kabla hakijafutwa. Babake alikuwa akifuta hata msumari. Basi akakifuta kwa kidole gumba, taratibu, upande huu na upande huu, mpaka kikang'aa.

Akakifunga. Akawasha. Kifeni kikavuma. Halafu kwenye kidirisha kikatokea kitu kizuri: wekundu uliofifia, halafu rangi ya chungwa, halafu weupe wa kuumiza macho. Gesi ikalia, moto ukashika. Korni akaupiga mfuniko kofi la mahaba.

"Dola kumi na nane," alimwambia Neta alipofika jikoni. "Diedrich angetaka mara saba ya hizo."

"Kinawaka?"

"Weka mkono kwenye tundu."

Neta akaweka mkono. Joto lilikuwa linapanda. Akafumba macho kidogo, akasimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akafungua kifungo cha koti lake.

Kanisani hawakwenda. Gari lilikataa; liliguna mara moja kama mtu anayegeuzwa kitandani, likanyamaza. Korni alirudisha waya wake, lakini injini iliyoganda hivyo hutaka nusu siku. "Hata hivyo tusingemwacha Mama na tanuri lenye kiwashio kipya," alisema. Mama alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti chake karibu na tundu la sebuleni, anapanga picha yake ya vipande elfu moja vya kuunganisha, kinu cha upepo na mbingu nyingi, anatafuta kipande cha mbingu.

* * *

Kiliwaka mara sita. Korni alizihesabu, maana kila kilipowaka alikuwa anashuka kukiangalia. Mara ya saba, karibu na saa sita mchana, hakukiona kikiiva. Aliona nukta moja tu, nyeupe sana, pale kidole gumba kilipopita. Halafu kikatoa sauti ndogo, kama unyayo kwenye barafu nyembamba, na giza likarudi.

Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alikitoa baadaye, akakipima kwa mita ya umeme ingawa jicho lilikwisha kumwambia. Sindano haikusogea.

Neta alishuka akamkuta hapo. Akainama, akaokota ile karatasi iliyotupwa karibu na ngazi, akaikunjua, akaisoma kwa mwanga wa kurunzi. Alisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma matangazo ya kanisani.

"Usikishike kiwashio kwa mikono mitupu. Mafuta ya ngozi hukiunguza mahali pamoja na kukipasua."

Korni akakitazama kidole gumba chake.

"Hapa wamesema mafuta ya ngozi," Neta akaendelea. "Ya soseji hawakuyataja. Labda hawakudhani."

"Neta."

"Nasoma tu."

"Nyumba itakuwa na joto kiasi gani saa tisa?"

Neta alimwelewa mara moja, na hapo uso wake ukabadilika. Jumapili saa tisa ni faspa. Hakuna anayealikwa faspa na hakuna anayeulizwa amekuja kufanya nini. Watu wanaingia, wanavua viatu, wanakalia meza, wanapewa mikate na jibini na jamu na kahawa. Na kama familia haikuonekana kanisani asubuhi, ndugu hawakosi kuja kuangalia kama kuna mgonjwa.

"Watakuja," alisema Neta.

"Najua."

"Greta atakuja na koti lake lile jeusi."

"Najua, nimesema."

"Basi mpigie Diedrich sasa, aje na kifaa. Afanye kazi, aondoke. Mwambie tu kwamba kimepasuka."

"Nikimpigia, nani atapokea simu?"

Neta akaikunja ile karatasi. Katika nyumba ya Wiebe simu inapokelewa na Greta, hata ikiwa ni ya Diedrich.

"Tumpeleke Mama kwa jirani, kwa akina Penner," alisema.

"Kwa gari gani? Na Tina Penner akishamwona Mama kwake, Greta atajua kabla Mama hajavua kofia." Korni alisimama, magoti yakalia. "Hapana. Leo tunaipita. Kesho asubuhi gari litawaka, nitakwenda mjini mwenyewe. Tunahitaji saa mbili tu za watu kutojua."

Na hivyo wakaanza kuficha baridi. Ukitaka kujua ni kazi gani, jaribu. Neta aliwasha oveni na kuoka mikate mara mbili zaidi ya inayohitajika, ile ya kubebana, mdogo juu ya mkubwa, mlango wa oveni ukiachwa wazi kati ya sinia na sinia. Kila oveni na heta vilipowaka pamoja, umeme ulikatika; ilibidi wachague. Wakachagua oveni. Mama akahamishiwa jikoni na kiti chake na meza yake ya vipande, chupa ya maji ya moto miguuni, soksi jozi mbili, shali ya sufu. Alikuwa amevaa glavu, na kwa glavu vipande vya mbingu havishikiki.

"Kwa nini nakaa jikoni kama paka?" aliuliza.

"Kuna harufu nzuri ya mkate huku, Mama," alisema Neta.

"Mkate nausikia hata nikiwa chumbani."

Neta akapiga magoti, akamvua soksi ili amfunge chupa vizuri miguuni. Miguu ya mkwe wake ilikuwa ya samawati kidogo kwenye vidole. Aliishika mikononi mwake, akaisugua, akapuliza. Mama aliangalia kichwa cha Neta kilichoinama, akaona mvi ambazo hazikuwapo wakati alipohamia, na hakuuliza tena kuhusu paka.

Saa nane na nusu, jikoni ni nyuzi kumi na sita, sebuleni ni kumi. Kwenye chumba cha nyuma kioo cha dirisha kimeota maua ya barafu upande wa ndani. Hapo Korni akafanya jambo jingine la kipumbavu siku hiyo. Alivua sweta, akavaa shati la mikono mifupi.

"Ili waone nyumba ina joto," alieleza.

Neta alimtazama mikono yake iliyosimama vinyweleo kama kuku aliyenyonyolewa. "Wataona," alisema.

* * *

Walikuja saa tisa kasoro dakika tano. Greta mbele na koti lake jeusi, Diedrich nyuma, mrefu, ameinama kidogo kama watu wote wanaofanya kazi chini ya nyumba za wengine. Walivua viatu mlangoni. Greta akasogeza vidole vyake kwenye sakafu ndani ya soksi, akasimama hapo hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hamkuonekana kanisani."

"Gari," alisema Korni. "Karibuni. Vueni makoti."

"Nitakaa nalo kidogo," alisema Greta.

Walikaa jikoni, watu watano wakibanana kwenye meza ya watu wanne, maana Korni alisema sebule inapangwapangwa. Neta akamimina kahawa. Moshi ulipanda kutoka kwenye vikombe mnene kama wa treni. Walishukuru chakula, wakaanza kula. Jamu ya plamu ilikuwa ngumu. Kisu kilisimama ndani yake.

"Korni, huoni baridi na shati hilo?" aliuliza Greta.

"Mimi? Damu yangu ni nzito."

"Midomo yako ni ya zambarau."

"Ni jamu."

Diedrich alikula mkate wake, akanywa kahawa nusu, halafu akaacha kutafuna na kuinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua. Kifeni kilikuwa kimevuma kule chini. Kikakoma. Aliteremsha mkono wake mrefu kando ya kiti, akaufungua juu ya tundu la sakafuni, akauacha hapo.

"Nyumba yako imetulia sana leo, shemeji," alisema.

"Ni Jumapili," alisema Korni.

"Hata matanuri?"

Greta aliweka kikombe chini, akanyoosha mkono juu ya meza, akamvua mama yake glavu moja, akaushika mkono wake. Alibaki ameushika. Aliposema, sauti yake haikuwa ya ushindi. Korni angependa ingekuwa ya ushindi, angejua namna ya kuijibu.

"Mkono wake ni kama wa maiti, Korni. Tangu lini?"

"Tangu asubuhi," alisema Neta.

"Neta."

"Tangu asubuhi, wifi. Kiliwaka mara sita, kikafa. Nimechoka kuoka mikate."

Diedrich alikuwa amekwisha simama. "Nionyeshe," alimwambia Korni, na wakashuka.

Kule chini pumzi zao zilionekana. Diedrich alikichukua kile kiwashio kilichopasuka kwa kushika kigae chake cheupe cha chini tu, hakugusa penginepo, akakigeuza kwenye mwanga. Aliona nukta nyeupe. Akaona kitu kingine, akakisogeza puani.

"Ulikishikaje?"

"Kwa mkono. Ningekishika kwa meno?"

"Ungekishika kwa meno pengine kingedumu zaidi." Alikitia mfukoni. "Kinanuka kama jikoni kwa binamu yake Neta."

Korni akakaa kwenye ndoo yake. Diedrich akasoma maandishi kwenye ubao wa umeme wa tanuri, akimulika kwa kurunzi, midomo ikisogea. "Watu wanadhani viwashio vyote ni ndugu," alisema, zaidi kwa tanuri kuliko kwa Korni. "Kuna vinavyotaka umeme wa volti mia na ishirini, kuna vya themanini. Ukitia cha themanini kwenye ubao wa mia na ishirini kinaungua siku hiyohiyo. Hili lako ni la mia na ishirini. Ninacho garini. Kile cheusi."

"Kile cha Oktoba?"

"Kilekile. Sikukiuza."

"Bei gani?"

"Jumapili sifanyi kazi ya kulipwa, unajua."

Korni alijua, na hilo ndilo lililomkaba. Angekuwa mtu wa kulipwa, Korni angelipa, tena kwa kelele, na kesho angemjibu Greta akiwa amesimama. Lakini kitu kilichopokelewa bure kwa mkono wa mume wa Greta, ndani ya nyumba baridi, siku moja kabla ya jibu la chumba, utakirudisha kwa nini? Alikuwa na kitu kimoja tu cha kurudisha, na kilikuwa juu jikoni, kimefungwa shali.

"Nitakulipa kesho," alisema.

"Kesho itakuwa kazi ya jana. Jana ilikuwa Jumapili." Diedrich alimgusa bega. "Vaa sweta, shemeji. Umekwisha onekana."

* * *

Diedrich alipopanda na kushika mlango wa nje ili aende garini, Greta alisimama mbele yake.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kabla hujaleta kitu. Hiki kikiwaka, saa moja nyumba itakuwa na joto, Korni atapiga meza tena na tutaongea yaleyale mpaka tupoteze chumba. Tumalize neno la Mama sasa hivi, wakati kila mtu anasikia baridi."

"Greta," alisema Diedrich.

"Dakika tano. Nilimsikia kwa masikio yangu Jumatano. Korni, ulisema utafunga sanduku mwenyewe."

Korni alikuwa amevaa sweta, amelivaa kinyume, mbele nyuma. "Unaniwekea masharti nyumbani kwangu? Kwa kiwashio?"

"Ndiyo. Kwa sababu kwa maneno matupu husikii."

"Mama hataki kwenda. Ameshasema mara kumi."

"Anasema kwa sababu anakuonea huruma. Unajua ninavyolala mimi? Kila upepo ukipiga naamka, nakaa kitandani, nasema sasa hivi kwa Korni tanuri limezimika. Diedrich atakwambia. Leo limezimika kweli, na hukutaka hata kupiga simu. Ungemwacha Mama alale hivi usiku huu, ili usiaibike."

Hilo lilikuwa kweli. Korni alimtazama mkewe. Neta alikuwa anakusanya makombo kwa kiganja, anayakusanya yaliyokwisha kukusanywa.

"Neta, mwambie," alisema Korni. "Mama anatunzwa au hatunzwi?"

"Anatunzwa," alisema Neta. "Ninamtunza mimi."

"Si hivyo nilivyo..."

"Jumanne na Ijumaa namwogesha. Ijumaa jioni mgongo wangu haunyooki. Nyinyi wawili mnagombana nani anampenda zaidi, na mnagombana vizuri, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu Ijumaa."

Greta akawa mwekundu shingoni. "Ijumaa nina zamu dukani, wifi. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana sijakuomba."

Diedrich alikuwa bado ameshika kitasa, mlango umefunguka upana wa kiganja, na kupitia hapo upepo uliingia chini chini mpaka kwenye miguu ya meza. Kifeni kule chini kikavuma, kikakoma. Mama aliinua uso kutoka kwenye vipande vyake. Alikuwa na glavu moja tu.

"Diedrich, unangoja nini? Toka ukakilete."

"Mama, bado tunaongea kuhusu chumba," alisema Greta.

"Aende, tutaongea. Midomo yangu haifanyi kazi kwa gesi."

Diedrich akatoka. Mlango ukafungwa. Greta akasogeza kiti karibu na mama yake, akaushika tena ule mkono usio na glavu, akausugua kama alivyokuwa anasuguliwa yeye utotoni.

"Sitaki kukutupa, Mama. Nataka niwe nalala."

"Naelewa. Niambie basi. Hicho chumba kipo mpaka lini?"

"Mpaka kesho saa sita."

"Kina joto?"

"Mchana na usiku, Mama. Unavaa gauni tu, hata sweta huhitaji."

Korni alifungua mdomo. Mama aliinua kidole, Korni akaufunga.

"Na tanuri lao liko wapi?"

"Liko chini," alisema Greta, sasa akiwa na matumaini. "Kwenye chumba chake, na mlango umefungwa kwa ufunguo. Ufunguo anao fundi wao peke yake. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuligusa."

"Vizuri sana," alisema Mama. "Basi mpelekeni Korni. Mimi nitabaki hapa na Neta, na wewe kila Ijumaa utakuja na taulo."